Faili Hili ni la Nani?

Msimamizi wa seva anaandika apt upgrade, anabonyeza Enter, na mistari inaanza kukimbia kwenye skrini. Mara kila kitu kinasimama. Mfumo unamweleza kwamba faili la /etc/apache2/apache2.conf limebadilishwa tangu liliposakinishwa, na wakati huohuo kifurushi kipya kimekuja na toleo lake la faili hilohilo. Liwekwe lipi? Y ni kupokea jipya, N ni kubaki na la zamani, D ni kuonyeshwa tofauti zao, Z ni kuliacha swali kiporo kwanza na kwenda kuchungulia hali ilivyo. Akibonyeza Enter bila kuchagua chochote, la zamani linabaki.

Jibu hilo la Enter halikutokea kwa nasibu. Debian, distro ya Linux ambamo swali hili huulizwa, ina kitabu cha kanuni, na humo imeandikwa kwamba mabadiliko aliyoyafanya mwenye mashine kwenye mafaili ya usanidi lazima yahifadhiwe programu inaposasishwa. Wanaobeba mzigo wa kuitekeleza kanuni hiyo ni watu ambao majina yao hayatajwi sana: wafungashaji wa vifurushi.

Debian ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Leo ndiyo mama wa distro nyingi, ikiwemo Ubuntu iliyotoka mwaka 2004. Apache, programu ya seva ya wavuti, ilizaliwa kwingine. Mwaka 1995 kikundi cha wasimamizi wa tovuti kilichukua programu ya zamani ya kituo cha NCSA, wakaitia viraka, wakaitoa upya. Debian haikuiandika Apache na haiimiliki. Inachofanya ni kuchukua msimbo wake, kuukompaili, kuamua kila faili likae wapi, kutaja programu nyingine zinazohitajika, kisha kuufunga mzigo wote uwe kifurushi kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kukisakinisha kwa amri moja. Apache ina kundi lake la wafungashaji, na hata moduli ndogo inayowekwa juu yake ina mtu wake wa kuiangalia.

Tatizo lao la kwanza lilikuwa faili moja refu.

Kwa asili Apache huendeshwa na faili kuu la usanidi liitwalo httpd.conf. Kwa mtu mwenye seva moja na tovuti moja, hilo halina shida. Sasa fikiria mashine yenye vifurushi kumi vinavyotegemea Apache: kimoja kinaleta PHP, kingine programu ya barua pepe za kwenye wavuti, kingine takwimu za wageni. Kila kimoja kinataka kuongeza mistari yake miwili mitatu kwenye faili hilohilo, ambalo msimamizi naye analihariri kwa mkono. Kifurushi kikiondolewa, nani atajua mistari ipi ilikuwa yake? Mtu akiwa amesogeza neno moja tu, programu inayotafuta mistari hiyo haiipati tena. Ndiyo maana kanuni za Debian zinakataza skripti za kifurushi kuhariri mafaili ya usanidi yaliyoletwa na kifurushi chochote, hata kile kilichozileta skripti zenyewe.

Suluhisho lilikuwa kulikata faili hilo vipande. Ndani ya /etc/apache2 kuna folda zinazokwenda mbilimbili: mods-available na mods-enabled kwa ajili ya moduli, sites-available na sites-enabled kwa ajili ya tovuti, conf-available na conf-enabled kwa vipande vingine vya usanidi. Folda ya kwanza katika kila jozi ni ghala la vilivyopo. Ya pili ni orodha ya vinavyotumika, na aghalabu ndani yake hamna mafaili halisi bali viungo vinavyoelekeza ghalani.

Chukua moduli ya rewrite, ambayo wenye tovuti za WordPress huihitaji ili anwani za kurasa zao zisomeke vizuri. Ghalani ina faili liitwalo rewrite.load, lenye mstari mmoja tu unaoiambia Apache iipakie moduli ya rewrite kutoka /usr/lib/apache2/modules/mod_rewrite.so. Msimamizi akiandika a2enmod rewrite, kinachotokea ni kuumbwa kwa kiungo ndani ya mods-enabled. Akiandika a2dismod rewrite, kiungo kinaondolewa na faili lenyewe linabaki pale lilipokuwa. Hakuna mstari uliohaririwa, kwa hiyo hakuna mstari wa kugombaniwa.

Vifurushi hufuata njia hiyohiyo. Kifurushi cha moduli, ambacho jina lake huanza na libapache2-mod, huleta faili lake la .load na pengine la .conf, kisha huomba kiungo kiwekwe. Hapo ndipo ustadi wa mfungashaji unapopimwa. Tuseme msimamizi ameizima moduli hiyo kwa makusudi, na wiki inayofuata kifurushi kinasasishwa. Kiiwashe tena? Hapana. Debian hutunza kumbukumbu, chini ya /var/lib/apache2, ya nani aliwasha au kuzima kitu gani. Amri ya a2query -m rewrite haiishii kusema kwamba moduli imewashwa; inasema pia kama aliyeiwasha ni msimamizi wa mashine au skripti ya kifurushi. Alichokizima binadamu, skripti haikiwashi.

Mafaili yenyewe nayo yana hesabu yao. Programu ya dpkg, ambayo ndiyo injini ya usakinishaji katika Debian, huhifadhi alama ya MD5 ya kila faili la usanidi kama lilivyoletwa mara ya mwisho. Wakati wa kusasisha, inalinganisha vitu vitatu: lililoletwa zamani, lililopo sasa, na linalokuja. Kama mwenye seva hakuligusa, jipya linaingia kimya. Kama ameligusa lakini kifurushi hakina jipya, lake linaachwa. Swali huulizwa pale tu pande zote mbili zilipobadilisha. Na kama mwenye seva amelifuta kabisa, kufuta huko nako huhesabiwa kuwa ni uamuzi wake, na faili halirudishwi kinyemela. Ni kama mwenye nyumba anayeweza kubadilisha mabati ya paa bila kubisha hodi, lakini haingii chumbani kwa mpangaji kupaka rangi upya.

Distro za ukoo wa Red Hat zimechagua njia tofauti. Huko mfungashaji huliwekea faili alama ya noreplace, na kifurushi kipya kikifika hakuna anayeulizwa kitu: la mwenye mashine linabaki, jipya linawekwa pembeni likiwa na mkia wa .rpmnew. Faida yake ni kwamba usasishaji haukwami katikati ya usiku ukingoja jibu. Hasara yake ni kwamba mafaili ya .rpmnew yanaweza kukaa miaka bila mtu kuyafungua.

Utaratibu wote huu ulipata jaribio kubwa Aprili 2015, ilipotoka Debian 8. Toleo lililotangulia lilikuwa na Apache 2.2, hili lilileta 2.4. Mambo mawili yaliwasumbua watu. La kwanza lilihusu majina. Zamani Apache ya Debian ilisoma kila faili lililokuwa ndani ya sites-enabled. Sasa inasoma yale tu yanayoishia na .conf. Tovuti ambayo faili lake liliitwa duka, bila mkia huo, ilirukwa kimyakimya, na wateja wakakuta ukurasa wa kukaribisha wa Apache badala ya bidhaa. La pili lilihusu ruhusa. Lugha ya Order na Allow iliachia nafasi neno Require, na usanidi mpya wa Debian ukafunga mashine yote isipokuwa folda zilizotajwa, kama vile /var/www. Aliyeweka tovuti yake kwenye /srv akabaki na mistari yake ya Allow alipata kosa la 403. Wafungashaji walikuwa wameyaeleza hayo katika maelezo yaliyokuja pamoja na kifurushi, lakini maelezo hayo yana kawaida ya kusomwa baada ya tovuti kuanguka.

Ukali huo wa kufunga kila kitu kwanza una sababu. Oktoba 2021 toleo la Apache 2.4.49 liligundulika kuwa na tundu lililomruhusu mtu wa mbali kusoma mafaili yaliyo nje ya folda ya tovuti. Tundu hilo lilifanya kazi pale ambapo usanidi haukuwa na amri ya Require all denied inayolinda mafaili hayo. Mstari mmoja, uliowekwa na mtu aliyefikiri mapema, ulitofautisha seva iliyofunguka na ile iliyosalimika.

Mfungashaji naye anaweza kutoboa tundu. Mwaka 2016 mtafiti mmoja wa usalama alionyesha kwamba kifurushi cha nginx, programu nyingine ya seva ya wavuti, katika Debian na Ubuntu kilikuwa kimemmilikisha mtumiaji www-data folda ya /var/log/nginx. Huyo ndiye mtumiaji ambaye programu za wavuti huendeshwa kwa jina lake, kwa hiyo mvamizi aliyepenya kwenye tovuti mbovu huwa na mamlaka yake. Angeweza kuondoa faili la logi na kuweka mahali pake kiungo kinachoelekea kwenye faili nyeti la mfumo, kisha kungoja. Kwa kawaida ya Debian, kazi za kila siku huanza saa 12:25 asubuhi, na mojawapo ni kuzungusha logi. Wakati huo nginx, ikiwa na mamlaka ya mtumiaji mkuu, ingefungua faili lile nyeti na kumkabidhi mvamizi. Waandishi wa nginx hawakuhusika. Kosa lilikuwa la aliyeamua folda iwe ya nani, na marekebisho yalikuwa kuirudisha kwa mtumiaji mkuu.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha OpenSSL, maktaba inayotumika kutengeneza funguo za siri za seva. Mwaka 2006 kiraka cha Debian kiliondoa mistari iliyokuwa ikisababisha onyo kwenye chombo cha kukagua msimbo. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta unasibu. Hadi kosa lilipotangazwa Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na watoto wake, kwa kila aina na ukubwa, ziliweza kuwa 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa kuzijaribu moja baada ya nyingine. Vyeti vya tovuti vilibidi vitengenezwe upya duniani kote.

Kwa upande wa moduli, kuna suala jingine ambalo mtumiaji wa kawaida halioni: moduli iliyokompailiwa kwa ajili ya toleo moja la seva inaweza kukataa, au kuvurugika, kwenye toleo jingine. Apache hutumia namba iliyojengwa kwa tarehe kuonyesha umbo la mawasiliano kati yake na moduli. Kwa tawi la 2.2 ilikuwa 20051115. Kwa tawi la 2.4 ni 20120211. Debian imeigeuza namba hiyo kuwa sharti: kila kifurushi cha moduli hutegemea apache2-api-20120211, na bila hiyo hakisakinishwi. Mfungashaji wa moduli halazimiki kuikariri, kwa kuwa zana iitwayo dh_apache2 humwandikia sharti hilo na skripti za kuwasha na kuzima. Nginx ni kali zaidi. Ilianza kukubali moduli za kupakiwa kando mwaka 2016, na hukagua namba kamili ya toleo. Moduli iliyojengwa kwa toleo la jirani hukataliwa. Ndiyo sababu nginx ikipanda hatua moja ndani ya Debian, vifurushi vya libnginx-mod hulazimika kujengwa upya.

Apache ingali kwenye tawi la 2.4, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, bado inatumia namba ileile ya Februari 2012. Siku tawi jipya litakapotoka, namba itabadilika, kila kifurushi cha libapache2-mod kitajengwa upya, na moduli ambayo mwandishi wake ameshaitelekeza itabidi ipate mtu wa kuirekebisha au iondolewe kwenye distro.