Vani Kuukuu Mbele ya Upepo

Mwaka 1973 Edwin Saltzman, mhandisi wa NASA huko California, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Kila lori kubwa lilipompita, hewa iliyolitangulia ilimsukuma pembeni, kisha mkondo wa nyuma ukamvuta tena barabarani. Nguvu ile yote iliyomyumbisha ililipiwa mafuta na mwenye lori.

Yeye na wenzake wakachukua vani ya Ford iliyostaafu kubeba barua kituoni kwao, wakaifunika bati la alumini mpaka ikawa sanduku lenye kona kali. Wakaipeleka kwenye njia iliyonyooka, wakaikimbiza, wakaiachia bila gia, wakapima inavyopoteza mwendo. Kona za wima zilipoviringwa, ukinzani wa hewa ulishuka kwa asilimia 40. Walipoviringa na za mlalo, ukashuka kwa asilimia 54, na nafasi ya ndani ikapungua asilimia 3 tu.

Hewa haiwezi kupinda ghafla. Ikikuta kona kali hubanduka kwenye bodi na kuacha vurugu za mizunguko zinazorudisha gari nyuma. Ikikuta mviringo hutambaa nao.

Kwa hiyo mwenye vani ya zamani kama Ford Econoline asikimbilie kununua bawa la kurembesha nyuma. Aanze na keria. Hata ikiwa tupu, kila bomba lake hupambana na hewa peke yake, basi ishushwe siku isiyo na mzigo. Kisha afunge ukanda wa mpira mgumu chini ya bampa ya mbele, ili hewa isiingie kwa wingi kwenye ekseli, propela na ekzosi. Asizibe njia ya hewa ya rejeta, wala asiweke plastiki karibu na ekzosi. Mkia uliochongoka kama shetri ya mashua nao husaidia: kwenye vani ile ya NASA ulipunguza ukinzani kwa kama asilimia 15. Ila milango ya nyuma itafunguliwaje? Mimi ningeuacha.

Faida hii ni ya barabara kuu. Ukinzani hukua kwa mraba wa mwendo: ukishuka kutoka kilomita 110 kwa saa hadi 90, theluthi yake nzima imeondoka, bila kufungua hata skrubu moja. Kwenye foleni za mjini hutaona tofauti.

Ukitaka kupima, chagua siku isiyo na upepo, upepo wa magurudumu uwe sawa, uende na kurudi njia ileile.