Mshipa Upi, Daktari?

Neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mzito mno katika Kiswahili. Ni ateri, ni vena, ni neva, tena ni ule ugonjwa wa wanaume ambao wazee huutaja kwa sauti ya chini. Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera nao wana "xidid", ambalo ni mshipa na pia mzizi wa mti. Mbele ya mwanaisimu huo ni utajiri. Mbele ya daktari, huenda ukaficha maradhi.

Chukua mfano wa damu kuganda katika vena za ubongo. Si kile kiharusi cha kawaida, ambamo ateri huziba. Hapa damu huingia kichwani ikakosa pa kutokea, shinikizo likapanda, na mgonjwa akalalamikia kichwa siku nyingi. Maumivu huweza kuzidi alalapo. Macho huingia ukungu. Wengine huanguka kifafa. Mfaransa Ribes alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1825, alikuwa amempasua maiti.

Walio hatarini ni pamoja na wanawake waliojifungua karibuni, kwani damu ya mzazi huganda upesi hata wiki sita baadaye. Upungufu wa maji mwilini huongeza hatari hiyo, na joto la Garissa twalijua.

Sasa mzazi huyo aanguke kifafa. Lugha imekwisha kumtayarishia jina: kifafa cha mimba. Mara nyingi jina hilo ni sahihi, na matibabu yake hayangoji. Lakini ikiwa shinikizo la damu ni la kawaida na mkojo hauna protini, yafaa litiliwe shaka. Skani ya kawaida yaweza kuonekana safi kabisa; hutakiwa ile ambayo dawa hudungwa ili vena zionekane, au picha ya usumaku. Tiba ni heparini, hata pale ambapo damu imevuja kidogo ubongoni, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi.

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370. Anayeamua kama mgonjwa asafirishwe hutegemea maelezo, na mkalimani aghalabu ni shemeji au jirani, afupishaye hadithi ya wiki mbili kuwa "kichwa kinamuuma". Maswali yenyewe si mengi: kilianza lini, huzidi alalapo, macho yaonaje, alijifungua siku gani? Karatasi moja yatosha kuyaandika, Kisomali upande huu, Kiswahili upande ule.