Maji ya Kumwogesha Mtoto

Asubuhi milima ya Masisi ina baridi kali. Mama mmoja wa Karuba ataka kumwogesha mtoto wake mchanga. Maji ya moto matupu yatamwunguza. Afanyeje?

Anatia kwanza katika beseni makopo mawili ya maji baridi, tuseme ya digrii 20. Kisha, kwa kopo lile lile, moja la maji ya moto, digrii 80. Hesabu ni hii: 20 na 20 na 80 ni 120, gawanya kwa 3, utapata 40. Joto limetoka katika maji ya moto, likaingia katika yale ya baridi, hata yote yakawa sawa.

Lakini beseni nalo hunywa joto, na hewa vilevile. Kwa hiyo maji hushuka chini ya 40, yakikaribia 37, joto la mwili wetu. Mama hana kipimo: anachovya kiwiko, anangoja kidogo, ndipo anamtia mtoto.