Ua la Kisii na mlango wa neva: kwa nini mbu wanazoea dawa

Unapowasha dawa ya mbu ya kuchoma jioni, au unapolala ndani ya neti iliyotiwa dawa, nguvu iliyomo imetokana na ua. Ua hilo jeupe lenye kitovu cha manjano ni pareto. Kwa miaka mingi liliwasomeshea watoto wakulima wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira, na Kenya ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Malipo yalipochelewa, wengi waliling'oa wakageukia mimea mingine kama chai. Hata hivyo sumu ya ua hilo, pairethrini, iliigwa viwandani, na ndugu zake wa kutengenezwa, pairethroidi, ndio waliojaa kwenye neti na madukani.

Sumu hii inafanya kazi vipi? Neva ya mdudu ni kama uzi mrefu, na kwenye utando wake mna vijilango vingi vya protini. Vipo vya mguso, ambavyo hufunguka vikisukumwa au kuvutwa. Kwa vijilango vya aina hiyo vilivyo chini ya vipapasio, mbu dume husikia mvumo wa mabawa ya jike. Katika nzi wa matunda wataalamu wamechunguza kimoja kiitwacho NOMPC. Kina mkia wa mikunjo 29 ulioshikizwa ndani ya seli, nao hufanya kazi kama springi: ukibanwa, mlango hufunguka.

Mguso ukishapokewa, habari hubebwa na vijilango vingine, vya sodiamu. Hivi havingoji kusukumwa, hungoja umeme wa seli ubadilike. Vikifunguka, sodiamu huingia kwa kasi, umeme hupita, kisha baada ya muda wa elfu chache za sekunde vinajifunga. Huko kujifunga ndiko kunakoiweka neva katika nidhamu. Mlango usiofungika ni hatari kama usiofunguka.

Pairethrini hukaa kwenye mlango wa sodiamu mithili ya kabari, ukabaki wazi. Neva hupiga kelele bila kupumzika, mdudu hutetemeka, huanguka na kufa. Kwa binadamu madhara ni madogo zaidi, kwa kuwa vijilango vyetu haviishiki sumu hiyo kwa urahisi na mwili huivunja upesi.

Sasa tatizo. Mwaka 2000 wanasayansi waliripoti kwamba baadhi ya mbu wa malaria wa magharibi mwa Kenya wana mlango uliobadilika. Katika mnyororo wa protini ile, kwenye nafasi ya 1014, kiungo kiitwacho lusini kimeondoka na serini imeshika nafasi yake. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya kabari isikae vizuri. Mbu wengine wana njia ya pili: vimeng'enya vyao huivunja sumu kabla haijafika kwenye neva.

Wapo wanaosema turudi kwenye ua lenyewe, kwamba cha asili hakizoeleki. Pareto inastahili kurudi mashambani kwa faida ya mkulima, lakini ua na dawa ya kiwandani hubisha mlango mmoja. Mbu aliyebadilisha mlango huo huvumilia vyote viwili.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2017 neti zenye PBO, kitu kinachovizuia vile vimeng'enya. Mwaka 2023 likapendekeza neti zenye klofenapiri pamoja na pairethroidi. Klofenapiri haigusi mlango wa neva kabisa, huharibu mahali seli inapotengenezea nguvu zake.

Kwetu pwani, neti mpya zinapogawiwa, uliza zina dawa gani. Iliyo nzima usiitupe, kwani hata mbu sugu hawezi kupenya kitambaa kisichotoboka. Wala usiifue mtoni au baharini, wala kuvulia dagaa, kwa sababu samaki nao hudhurika sana na sumu hii. Tukiitegemea dawa moja tu mwaka baada ya mwaka, tunawachagulia mbu wale wenye mlango mgumu wazaane.