Unatafuta pamba, unaletewa mpira: kwa nini mtandao haukuelewi

Mkulima wa Bariadi akiandika "pamba" kwenye simu yake, anaweza kuletewa matokeo ya Pamba Jiji, timu ya Mwanza. Akiandika "Simiyu", inaweza kuja habari ya mkoa, ya mto unaomwaga maji Ziwa Victoria, au ya mtu wa Bungoma, Kenya, ambako Simiyu ni jina la mtoto wa kiume. Na "Maswa" je? Wilaya au pori la akiba?

Shida ni kwamba utafutaji unaolinganisha herufi tu haujui kinachozungumzwa.

Dawa yake ni kupanga data kwa maana. Kila kitu kinapewa namba yake: mkoa yake, mto yake. Halafu taarifa zinaandikwa kwa sentensi fupi za vipande vitatu, yaani kitu, uhusiano, kitu: "Bariadi – makao makuu ya – Mkoa wa Simiyu". Mfumo huu unaitwa RDF, na lugha ya kuuliza maswali juu yake ni SPARQL, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Wikidata, ghala la data huria lililoanza Oktoba 2012, linaulizwa kwa lugha hiyo hiyo.

Sasa hapa ndipo Simiyu inapokuwa mfano mzuri. Mkoa huu ulianzishwa mwaka huo huo wa 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, Busega ikatoka Magu, Mwanza. Kwa hiyo habari ya 2009 inasema "Bariadi, Shinyanga", na haijakosea. Ila wewe ukitafuta "pamba Simiyu" leo, inaweza isikufikie kabisa. Diwani anayetaka kulinganisha bei za miaka ya nyuma ataona kama historia ya zao hili ilianza 2012, kumbe watu wamelima hapa miaka na miaka.

Data ya maana inabeba na tarehe: Bariadi ilikuwa Shinyanga mpaka 2012, kisha Simiyu. Hapo unaweza kuuliza: "Nipe habari zote za zao la pamba tangu 2005, kutoka maeneo ambayo leo ni Simiyu." Za zamani zinakuja, mpira unabaki pembeni.

Lakini mashine haijijazii yenyewe. Sisi waandishi wenyewe tunabandika tagi "Simiyu" kwenye kila kitu, mto humo humo, mkoa humo humo. Wikidata mtu yeyote anaweza kuihariri, hata kwa simu, na kila taarifa inaweza kuwekewa chanzo chake. Usikiache. Mtu akiandika kimakosa kwamba Busega ilitoka Shinyanga, kila programu inayochota data hapo itarudia kosa lile lile.