Ufunguo Mzuri, Mlango Mmoja

Ndugu wafanyakazi, mishahara ya wengi wetu sasa hupitia benki, na wengine twaitazama kwa simu. Basi tujifunze kwa wenzetu wa Korea ya Kusini.

Katika miaka ya 1990 Marekani ilizuia programu zenye siri imara zisiuzwe nje. Zilizotoka zilikuwa na ufunguo dhaifu wa biti 40. Mwaka 1998 Wakorea wakabuni wa kwao, SEED, wa biti 128. Kazi ya kusifiwa! Lakini programu za kawaida za intaneti hazikuujua. Benki zikamtaka kila mteja aweke kiongezo kilichofanya kazi ndani ya Internet Explorer ya Microsoft peke yake. Mwenye kompyuta ya aina nyingine akafungiwa nje ya fedha zake. Tena watu wakazoea kukubali kila programu iliyoletwa mbele yao, mazoea yanayomfaa mwizi.

Marekani ililegeza masharti mwaka 2000, lakini wateja waliendelea kubanwa miaka mingi. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022.

Kwetu sisi, benki ikidai simu ya aina moja tu, tuulize sababu kwa pamoja, kupitia tawi letu. Jasho ni letu. Ulinzi wake usigeuke kizuizi.