Mvua ya Kwanza Haingoji Mtu

Mwezi wa Machi unapokaribia kwisha, wakulima wa Nyeri hutazama mbinguni mara nyingi. Joto huwa limezidi, vumbi jekundu limefunika migomba na majani ya kahawa, na Mlima Kenya hujificha kutwa nzima nyuma ya mawingu. Yule ndege ambaye wazee humwita mpiga mbiu wa mvua hulia tangu alfajiri, wala haonekani alipo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima mwenye busara huwa amekwisha lima na kuchimba mashimo yake.

Kisha usiku mmoja mabati huanza kulia. Kunapopambazuka, shamba la ekari tatu si lile la jana. Udongo unanukia vizuri, kumbikumbi wanaruka kutoka mashimoni, na watoto na kuku wanashindana kuwakimbiza. Baada ya juma moja hivi mikahawa hujivika maua meupe, yenye harufu kama ya asumini, na nyuki huvuma humo mchana kutwa. Maua hayo hudumu siku chache tu, lakini ndani yake imo karo ya watoto, kwa kuwa ndiyo yazaayo buni zinazochumwa kuanzia Oktoba hata Desemba.

Uzuri huo, hata hivyo, waweza kumdanganya mtu. Mmoja husema, “Mvua ya kwanza ni ya kuonja tu, tungoje ya pili.” Mwingine ndiyo kwanza anakwenda dukani kutafuta mbegu, na jembe lake halina mpini. Juma moja hupita, kisha la pili. Wakati wa mavuno, jirani anajaza ghala, naye anahesabu magunzi na kulaumu mbegu.

Sababu ya tofauti hiyo ilielezwa mwaka 1958 na mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi. Udongo uliokauka kwa muda mrefu ukilowa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huamka na kuozesha upesi mabaki ya mimea. Hapo chakula kingi cha mimea, hasa naitrojeni, hupatikana kwa muda mfupi. Mahindi yaliyopandwa mapema hukipata chakula hicho. Yakichelewa, mvua zinazofuata hukizamisha chini, mahali ambapo mizizi michanga haiwezi kufika. Basi mtu anayekawia hupoteza mbolea ambayo hakuinunua kwa senti hata moja.

Kwa hiyo katika nyumba yenye utaratibu kila mtu ana kazi yake asubuhi hiyo. Baba huzibua mitaro na kutengeneza kingo za matuta zilizobomoka, ili maji yasichukue udongo mpaka mtoni. Mama hupima nafasi kwa kamba, inchi 30 baina ya mistari na inchi 12 baina ya mashimo, na kupanda maharagwe katikati. Watoto, kabla ya kwenda shule, hubeba samadi kwa karai. Majuma mawili au matatu baadaye palizi huanza, maana magugu nayo hupenda mvua.

Mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ilitolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, na nyingine bora zaidi zikafuata. Lakini hakuna mbegu iwezayo kurudisha siku iliyopotea. Wahenga walisema, ajizi ni nyumba ya njaa.

Jioni, majembe yakiwa yamekwisha oshwa na kuwekwa darini, ndipo mwenye shamba anapoweza kuketi kibarazani, akanywa chai yake na kuitazama mikahawa ikiwa meupe tupu katika giza linaloingia. Uzuri huo ni halali yake, kwa kuwa mbegu zake zimo ardhini.